Mwenyekiti Akae Jamvini: Namna ya Kuongoza Kikoba cha Pwani ya Tanga

Kikundi cha watu 24 kinachokutana kila wiki kina vikao 52 kwa mwaka. Mara 52 wanachama wanamtazama mwenyekiti: kaja saa ngapi, kakaa wapi, kalipa lini, kamwambiaje bibi wa miaka 65 kwamba rejesho lake halijatimia. Katiba ya kikundi wengi wameisikia mara moja tu, siku ilipopitishwa, lakini mwenendo wa mwenyekiti wanausoma kila wiki, na huo ndio wanaoufuata. Mwongozo huu ni wa mtu aliyechaguliwa majuzi kuongoza kikundi cha kuweka na kukopa, awe Sahare, Makorora au Ngamiani, au nje ya jiji kule Kigombe na pwani ya Mkinga.

Jua fedha za wanachama zinatoka wapi, na lini

Kabla ya kupanga siku ya kikao, kaa na katibu mwandike orodha: kila mwanachama anaishi kwa kazi gani, na fedha zake zinaingia lini. Ni kazi ya saa mbili, na inazuia ugomvi wa mwaka mzima. Watu wa pwani wengi hawana tarehe ya mshahara. Anayeanika dagaa anapata wakati wa giza, boti za taa zinapotoka. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti dagaa, na kwa siku kadhaa mkono wake mtupu. Mchokoa pweza anategemea bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa hadi mwamba ukaonekana. Mkulima wa mwani husubiri kama wiki 6 tangu kufunga mbegu hadi kuvuna, kisha aanike, ndipo auze. Mama lishe wa Mgandini ana fedha kila jioni, ila kidogo kidogo.

Orodha hiyo inakuamulia mambo mawili. La kwanza ni saa ya kikao. Kwetu siku za bamvua maji hukupwa kabisa asubuhi, saa 4 hadi saa 5 hivi, kwa hiyo kikao cha asubuhi siku hizo kinawakosa wachokoa pweza na wakulima wa mwani wote kwa pamoja, kisha wanapigwa faini kwa kwenda kazini. Alasiri inawafaa walio wengi. Anzeni saa 10:15, watu wakishaswali, mfunge kabla ya saa 12:00 ili kila mtu awahi magharibi na jiko lake. Ijumaa iacheni. Ramadhani sogezeni kikao kiwe baada ya adhuhuri, saa 8:00, na kisizidi muda wa saa moja, maana saa 10:00 mtu yuko kwenye kuandaa futari.

La pili ni ratiba ya marejesho. Ukimpangia mkulima wa mwani alipe kila wiki sawa na mama lishe, unamtuma akakope pengine ili akulipe wewe. Mpangie alipe sehemu kubwa wiki ya mavuno. Mkopo wa nyavu au wa kukarabati ngalawa usianze kurejeshwa Juni au Julai, kusi inapovuma kwa nguvu na vyombo vidogo vinalala ufukweni. Kazi hii ya kujua kalenda ya kila mtu haionekani kama uongozi, lakini madeni mabaya mengi ya vikoba vya pwani yangezuilika hapa, kabla shilingi haijatoka sandukuni.

Fika dakika 20 kabla

Dakika 20 zinatosha kufagia, kutandika majamvi na kuhakikisha muhuri na wino vipo, maana kila hisa inayonunuliwa hupigwa muhuri mmoja kwenye kitabu cha mwanachama. Tandika umbo la kiatu cha farasi, sanduku likae kwenye uwazi, mahali ambapo kila jicho linaliona. Kila mwanachama ana namba yake na anakaa kwa mfuatano wa namba. Msipange mistari ya mbele na nyuma kama darasani. Anayekaa nyuma haoni noti zikihesabiwa, na minong'ono huanzia hukohuko nyuma.

Wewe mwenyekiti kaa jamvini kama wenzako. Kikiletwa kiti kimoja cha plastiki, na mara nyingi mwenye nyumba atakuletea kwa heshima, pokea, shukuru, kisha mpe mjamzito au mzee mwenye maumivu ya magoti. Usikikatae kwa maneno mengi. Kisogeze tu.

Saa ikifika, anza na waliopo. Dua, salamu, kuita majina na kukumbushana salio havihitaji akidi. Kura za mikopo ndizo zinangoja akidi, ambayo vikundi vingi huiweka theluthi mbili; kwa watu 24 ni 16. Ukingoja watu ndipo uanze, unawaadhibu waliowahi, na wiki ya tatu nao watachelewa, kwa sababu umewafundisha kwamba saa 10:15 maana yake ni saa 11:00.

Faini ya kuchelewa iwe ndogo na iwe moja kwa wote, tuseme shilingi 500. Wapo wanaoshauri kiongozi alipe mara mbili. Sisi hatukubaliani nalo. Faini maradufu inamfanya kiongozi awe mtu wa namna nyingine, na siku akichelewa kikao kizima kinageuka mazungumzo juu yake. Ukichelewa, weka shilingi 500 kwenye bakuli la faini kabla hujakaa, sema "Niwieni radhi, nimechelewa," basi. Usieleze foleni ya daladala wala pancha ya baiskeli. Wiki ijayo mwanachama aliyechelewa naye atalipa bila hotuba, na utakuwa umeokoa dakika 10 za kila kikao.

Sanduku, funguo na sauti

Sanduku la chuma lina makufuli matatu. Funguo tatu zinashikwa na wanachama watatu wasio wa kamati, wasiotoka nyumba moja, na ikiwezekana wasio ndugu. Mtunza sanduku analala na sanduku lakini hana ufunguo hata mmoja. Mwenyekiti hashiki ufunguo wala sanduku. Utashawishiwa: "Mwenyekiti, ufunguo wangu kaa nao, mimi nasafiri kwenda Pangani." Kataa hata kama unaaminika na mji mzima. Ufunguo apewe mwanachama mwingine asiye wa kamati, na katibu aandike jina lake.

Kabla makufuli hayajafunguliwa, uliza: "Wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi?" Mteue mtu yeyote ajibu, leo namba 7, kesho namba 19. Wote wakishakubaliana, fungueni, wahesabu fedha wawili wahesabu kwa sauti, na katibu asiandike mpaka kikundi kiitikie kiasi hicho. Hapo ndipo mawasiliano ya kikundi yalipo: fedha zinasemwa na kuitikiwa, hata asiyejua kusoma anaondoka na hesabu kichwani.

Mfano wa kikao kimoja, hisa moja ikiwa shilingi 2,000 na mtu akiruhusiwa kununua hisa 1 hadi 5:

Salio la kufungulia: 186,500
Hisa 71: 142,000
Marejesho: 215,000
Faini: 1,500
Jumla: 545,000
Mikopo iliyotolewa: 480,000
Salio la kufungia: 65,000

Mfuko wa jamii, ule wa msiba, ugonjwa na uzazi, una kitambaa chake na hesabu yake. Watu 24 wakitoa 500 kila mmoja ni shilingi 12,000, na hazichanganywi na hizo za juu hata kwa dakika moja "ili tupate chenji". Kosa hilo dogo linavuruga hesabu kuliko wizi, kwa sababu wizi una mtu wa kuulizwa.

Mwisho wa kikao kitakeni kikundi kizima kitamke salio: "Elfu sitini na tano." Mara tatu. Kisha fungeni makufuli.

Fedha ziite kwa namba, mtu mwite kwa heshima yake

Mwenyekiti wa miaka 30 anaongoza watu ambao mtaani anawaamkia shikamoo. Hapa wengi hukosea kwa njia mbili. Wengine hunyamaza, mzee asiulizwe deni. Wengine hujikaza kwa sauti ya kiaskari, na kikundi kinasema kacheo kadogo kamemlevya.

Namba zinakuokoa. Linapofika suala la fedha sema: "Namba 11, rejesho la leo ni shilingi 45,000. Tunapokea ngapi?" Sauti ileile unayotumia kwa namba 10 na namba 12. Swali ni la wazi, halimtuhumu mtu, na linamwachia nafasi ya kutaja kiasi mwenyewe. Likiisha suala la fedha, rudi kwenye heshima yake: "Ahsante, bibi," au shangazi, au kaka, kama mnavyoitana nje ya kikao. Usimwite bibi wakati unamdai, maana heshima inageuka kejeli. Wala usimwite kwa namba wakati unampa pole.

Lingine la hapa petu ni vijembe. Pwani tumelelewa kwenye mafumbo; mtu anaweza kuvaa neno kwenye kanga na mtaa mzima ukaelewa nani kakusudiwa. Kwenye harusi na ngoma ni uhondo. Kikaoni ni sumu. Mwenyekiti akisema "Humu kuna watu wanajifanya wajanja, lakini siku zinahesabika," watu 22 wasiohusika wanarudi nyumbani kila mmoja akijiuliza kama ni yeye, na mmoja anayehusika anakuwa na hakika kwamba hakutajwa. Iweke kanuni: jambo la kikundi linasemwa kwa jina la jambo, kiasi na tarehe. Mwanachama akirusha kijembe, muulize kwa upole, "Dada, hilo ni la kikundi? Kama ndiyo, litaje tulijadili." Usicheke. Ukicheka hata kidogo, umelipitisha. Na siku ya kikao mwenyekiti wa kike achague kanga yake kwa uangalifu: kanga yenye maneno makali, hata kama aliivaa kwa sababu nyingine ilikuwa haijakauka, itasomwa kama taarifa rasmi.

Mwanachama anapochelewa kulipa

Hii ndiyo sehemu inayovunja vikundi vingi, kwa hiyo tutaikalia.

Siku mbili kabla ya kikao, katibu awakumbushe wenye marejesho makubwa, mmoja mmoja, kwa sauti ya simu au kwa kupita nyumbani. Wote wakumbushwe, hata wanaolipa vizuri. Ukiwakumbusha wanaosumbua peke yao, ukumbusho wenyewe unakuwa aibu.

Siku ya kikao asipolipa, pokea alichonacho, katibu aandike kilichobaki, endeleeni. Usimhoji sababu mbele ya watu. Atasema uongo kwa kulinda uso wake, kisha atalazimika kuulinda uongo huo wiki zinazofuata.

Ndani ya siku tatu nenda nyumbani kwake. Nenda na mjumbe mmoja wa kamati, wa jinsia yake. Piga hodi hadi mara tatu, usipoitikiwa rudi siku nyingine, usichungulie wala kuuliza jirani. Ukikaribishwa, kaa, salimianeni, ulizia watoto, ndipo uingie kwenye jambo. Maneno yanaweza kuwa haya: "Tumekuja kukujulia hali, na pia kuna lile rejesho la 45,000. Ulileta 20,000. Tungependa kusikia kwako, zilizobaki tuzipange vipi?" Kisha nyamaza. Ukimya utakuwa mzito. Mwache yeye auvunje, kwa sababu mpango atakaoutaja yeye ataujali kuliko utakaomtajia wewe.

Mpango uwe na kiasi na tarehe, na usizidi marejesho matatu. "Nitajitahidi, inshallah" ni dua njema, lakini katibu hawezi kuiandika daftarini; uliza kwa upole, "Inshallah, tuandike tarehe ngapi?" Akishindwa mara ya pili, waiteni wadhamini wake, tena kwa faragha. Kikao kizima kinaelezwa mwishoni tu, na kinaelezwa mpango, si maisha yake.

Usidai kwenye matanga. Mwanachama akifiwa, kikundi kinakwenda na mfuko wa jamii, na habari ya deni haitajwi mpaka tanga lianuliwe, hata kama rejesho linaangukia siku ya pili ya msiba. Liandikwe katibani mapema ili lisiwe hisani ya mwenyekiti kwa huyu na yule.

Kwa nini upole wote huu? Mwanachama aliyeaibishwa mbele ya watu mara nyingi atalipa wiki inayofuata. Atakuwa amekopa "kausha damu", ile mikopo ya riba kali, mtaa wa pili ili afunge midomo, na baada ya miezi miwili atakuwa na madeni mawili, au atahamia Dar es Salaam usiku. Ukali ulileta rejesho moja na kupoteza mtu pamoja na mkopo wake.

Ila upole usio na tarehe nao ni kosa. Ukimwachia mmoja wiki tatu bila kwenda kwake, wengine wamehesabu, na wiki ya nne watakuwa watano.

Sema wa mwisho

Adabu ya Tanga inamzuia mtu kumpinga kiongozi usoni. Ukianza kikao kwa kusema "Mimi naona hisa ipande iwe 3,000, mnaonaje?" utasikia "Sawa, mwenyekiti" za kutosha, na ukweli utasemwa njiani watu wakirudi majumbani. Kwa hiyo tamka swali bila jibu lako: "Kuna pendekezo hisa ipande kutoka 2,000 kwenda 3,000. Tusikie." Waanze wanaosema kidogo, au wadogo kwa umri, wazee wafuate, wewe umalizie. Ukimpa mzee nafasi ya kwanza, vijana hawatathubutu kumrudi.

Ukishauliza, hesabu moyoni hadi 10 kabla ya kuongeza neno. Wengi hufika 3 wakaanza kuongea wenyewe. Kisha uliza swali la pili, lenye thamani kuliko la kwanza: "Nani ana wasiwasi nalo?" Neno "wasiwasi" linamruhusu mtu kupinga bila kuonekana mpinzani.

Kabla ya kuamua, rudia ulichosikia: "Nimesikia kwamba wauza samaki wanaweza 3,000, wakulima wa mwani wanaona ni nzito. Nimekosea wapi?" Wakikusahihisha, shukuru na urudie upya kwa usahihi. Mwenyekiti aliyesahihishwa mbele ya watu akashukuru, amewapa wote ruhusa ya kukosea na kurekebishwa, na katibu naye hataogopa kusema jumla yake ilikuwa na kosa.

Jambo likiwa gumu, au likihusu mtu aliye kikaoni, pigeni kura ya siri. Kila mtu apewe kokoto moja na kauri moja, lile ganda dogo la baharini. Kikapu kifunikwe kitambaa, kipite kwa mzunguko. Kauri ni ndiyo, kokoto ni hapana. Kisichotumika kitumbukizwe kwenye kikapu cha pili, nacho kimefunikwa, ili mkono wa mtu usitoke na siri. Wahesabu fedha wahesabu hadharani. Dakika 6 zinatosha.

Azimio lisomwe na katibu kabla ya kufunga: nani, afanye nini, hadi lini. "Tutalifanyia kazi" lisiandikwe.

Mkopo wako mwenyewe

Wanachama hawatakuambia, lakini mkopo wa mwenyekiti wanaujua kwa shilingi. Vikundi vingi vina kikomo cha mara tatu ya akiba ya mtu; wewe usikifikie. Omba baada ya wengine kuomba, na fedha zisipotosha, ombi lako ndilo lisubiri. Linapojadiliwa, mwachie makamu kikao, toka nje ya duara, nenda mbali usisikie. Rudi uitwapo, pokea jibu. Ukipunguziwa kiasi, sema ahsante na usiulize nani kapinga, leo wala mwezi ujao.

Lipa kikao kimoja kabla ya tarehe inapowezekana. Na siku mambo yakikuharibikia, maana yataharibika, sema wewe kabla hujaulizwa, tena mwanzoni mwa kikao: "Rejesho langu leo ni 60,000. Nimekuja na 35,000. Iliyobaki, 25,000, naileta kikao kijacho pamoja na faini yake." Maneno machache namna hiyo. Anayesikia atajua na yeye afanyeje zamu yake ikifika.

Hesabu isipotimia

Imepungua 5,000. Simamisha kila kitu, hakuna anayetoka, hakuna anayeingiza mkono mfukoni. Wahesabu wabadilishane mafungu. Bado? Linganisheni mihuri ya kila kitabu cha hisa na daftari la katibu, namba 1 hadi 24. Makosa mengi yako hapa: mtu kapigwa mihuri 4 akatoa fedha za hisa 3, au chenji ilitolewa kwenye bakuli lisilo lake. Zaidi ya hapo, angalieni mfuko wa jamii.

Isipopatikana, liandikwe pengo la 5,000 na kikundi kikubali kulibeba. Usitoe 5,000 yako kimyakimya ili kikao kiishe. Inaonekana wema, na wenyeviti wazuri ndio wanaoangukia hapa. Umeficha kosa ambalo lingerekebishwa, na siku ikipungua 50,000 kikundi kitakutazama wewe, kwa kuwa uliwazoesha.

Simu na kundi la Watsapu

Kundi la Watsapu liwe la matangazo: siku, saa, mahali, kitu cha kuja nacho, jina la wa kuulizwa. Mistari mitano. Madeni, majina ya wadaiwa na picha za daftari havipandishwi humo. Sauti ya kurekodi isizidi dakika moja. Inawasaidia wasiosoma, lakini wanaosikiliza wako sokoni. Wasio na simu janja wapewe jirani wa kuwafikishia, kwa jina, na jirani ajibu "nimefikisha". Mwenyekiti asitume kitu baada ya saa 3 usiku. Hasira ya usiku ikiandikwa, asubuhi inasomwa na waume na watoto.

Fedha zikikusanywa kwa simu, ziingie kwenye akaunti ya kikundi inayotaka idhini ya zaidi ya mtu mmoja, kamwe si kwenye laini yako, na ujumbe wa salio usomwe kwa sauti kikaoni kama vile noti zinavyohesabiwa.

Mbele ya ofisi

Vikundi vya kijamii vya huduma ndogo za fedha viko daraja la nne chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usajili unapitia halmashauri. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mkiomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, msiende viongozi peke yenu. Chukueni mwanachama wa kawaida kila safari, tofauti kila mara, na mkataba usomwe wote kikaoni kabla ya mtu kutia sahihi. Deni hilo ni la kikundi. Asiyesikia masharti hatajiona mdaiwa.

Mwandae wa kukurithi

Mzunguko wa kuweka na kukopa, unaoishia kwa kugawana fedha, ukibaki na miezi mitatu, makamu aongoze kikao kimoja kila mwezi nawe ukiwepo. Kaa kwenye namba yako, usimtupie macho, usimsaidie kumaliza sentensi. Akikosea, mwambie baada ya kikao, mkiwa wawili, ukianza na alichokifanya vizuri kwa kukitaja chenyewe: "Ulivyomngoja namba 14 amalize kusema, vizuri sana." Sifa za jumla hazimfundishi mtu kitu. Wakiwa wengi wanaomtazama makamu kisha wakageuka kukutazama wewe, inamisha macho kwenye kitabu chako cha hisa; baada ya vikao viwili wataacha.

Siku ya kuvunja mzunguko, madeni yote yawe yamelipwa, fedha zihesabiwe, zigawanywe kwa idadi ya hisa. Tuseme zimefika 7,560,000 na hisa ni 3,150: kila hisa inapata 2,400. Katibu aandike 2,400 kwenye karatasi kubwa wote waione, kila mtu azidishe na mihuri ya kitabu chake mwenyewe kabla hajaitwa. Wapokee namba kwa namba, kamati ifuate, mwenyekiti awe wa mwisho, na sanduku likibaki wazi lipinduliwe juu chini mbele ya watu. Uchaguzi ufuate siku hiyohiyo, kwa kokoto na kauri. Mpya akishatangazwa, mkabidhi katiba, muhuri na orodha ya fedha za wanachama zinatoka wapi na lini, iliyosahihishwa kwa mwaka uliopita. Kisha nenda ukakae jamvini, kwenye namba yako.